Trauti wa Bitterroot mwisho wa baridi: mwongozo kwa anayeanza kuvua kwa flai

Kila mwaka ikifika katikati ya Februari simu yangu inaanza. Kaka, eti trauti wameshaanza? Ninunue rodi gani? Mbona nimekaa mtoni toka asubuhi sijaona hata mkia? Maswali ni yale yale na majibu nimeshayasema kwenye voice note mpaka koo limekauka, kwa hiyo naandika mara moja hapa, mwenzio akikuuliza mtumie.

Naongelea trauti, samaki wa maji baridi, wa mto Bitterroot, huku Montana magharibi, Marekani. Unaanzia kusini juu ya Darby, unashuka kwenda kaskazini (ndio, kaskazini, usichanganyikiwe na ramani), unapita Hamilton, Stevensville, Florence, alafu unaingia Clark Fork hapa hapa Missoula. Flai ni ndoano iliyofungwa uzi na manyoya mpaka ikafanana na mdudu, na kwa taarifa yako Kenya wanafunga flai za kuuza nje miaka mingi sana, kwa hiyo usishangae ukikuta hiyo uliyonunua dukani Missoula imetoka nyumbani kabla yako.

Sasa kosa la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote. Wengi wetu tuliofika Missoula toka 2016 tumetokea pande za Tanganyika, wengine Uvira na Fizi, wengine Kigoma, wengine wamekulia kambi ya Nyarugusu, na uvuvi tuliouona ni wa usiku: karabai, wavu, dagaa, mwezi ukiwa mpevu watu wanapumzika. Mtu akili inamwambia samaki anatafutwa gizani, anaamka saa kumi alfajiri, anafika mtoni baridi iko chini ya sifuri, vidole vimekufa, anapiga maji mpaka saa nne, anakata tamaa anarudi nyumbani. Na saa ile anawasha gari kuondoka ndio samaki anaanza kufikiria kifungua kinywa. Huyu samaki mwezi huu anachelewa kuamka. Mwili wake unafuata joto la maji, yakiwa nyuzi 2 au 3 za sentigredi amekaa chini tu, chakula kikimpita puani atameza, kikipita hatua mbili pembeni hahangaiki nacho. Yakifika 5 au 6 anaanza kuzunguka kutafuta. Na maji yanafika huko mchana, jua likishayapasha. Ukielewa hilo mengine yote utayafuata mwenyewe.

Kabla hujatoka nyumbani

Leseni kwanza. Montana unahitaji vitu vitatu: leseni ya uhifadhi, leseni ya uvuvi yenyewe, na pasi ya kuzuia viumbe vamizi wa majini. Bei ya mkazi ni ndogo ukilinganisha na ya mgeni, lakini ukazi ni mpaka uwe umeishi hapa siku 180 mfululizo. Alafu sikia hii: mwaka wa leseni unaanza Machi 1 unaisha mwisho wa Februari. Yani msimu tunaoongelea hapa umekatwa katikati! Mwaka wangu wa pili nilikuwa nimeshavaa kila kitu maegeshoni, tarehe 3 Machi, mzee mmoja akaniuliza kwa upole, kijana umeshakata mpya? Nikatoa ile kwenye pochi nikaiangalia, imekufa siku tatu zilizopita. Nikavua weda (yale mavazi yasiyopitisha maji ya kuingilia mtoni) pale pale, baridi hiyo, nikarudi mjini.

Vifaa, na usikubali kuuziwa duka zima:

- Rodi ya futi 9, namba 5 (namba ni uzito wa kamba inayobeba). Iliyotumika inatosha, ilimradi vijiti vinashikana vizuri na pete zote zipo.
- Rili ya kawaida yenye kamba ya kuelea namba 5. Rili mto huu kazi yake kubwa ni kubeba kamba, usiteketeze hela hapo.
- Lida ya futi 9 ya 4X, na tipeti ya 4X na 5X. Lida ni ule uzi mwangavu unaopungua unene kuelekea mbele, tipeti ni kipande chembamba unachounga mwishoni. X ni kipimo cha wembamba, namba ikikua uzi unapungua.
- Viboya vidogo na vidonge vya uzito.
- Flai: Pat's Rubber Legs namba 8 na 10 za kahawia, Pheasant Tail namba 16, Zebra Midge namba 18 na 20, hizo tatu ni za kuzama, na skwala wa juu ya maji (mdudu nitakayemweleza hatua ya 6) namba 8 au 10. Namba ikikua flai inakuwa ndogo. Tatu tatu kila moja, utazipoteza.
- Weda zenye MKANDA, na buti zenye vyuma chini.
- Fimbo ya kutembelea. Fimbo ya zamani ya kutelezea kwenye theluji inafaa kabisa.
- Koleo ndogo ya kutolea ndoano, kimia cha mpira, kipimajoto cha maji.
- Nguo kavu za kubadili, zikae kwenye gari. Hii sio hiari.

Kuhusu nguo za mwilini: usivae jinzi wala soksi za pamba ndani ya weda. Pamba ikilowa jasho inakugeuka. Sufu au zile nguo za mazoezi, tabaka mbili, juu koti la kuzuia upepo. Na soksi zisibane, nimeona watu wanavaa jozi tatu buti linabana damu haiendi, vidole vinaganda haraka kuliko angevaa moja.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku. Angalia hali ya hewa ya siku tatu nyuma, sio ya leo tu. Unataka mfululizo wa siku za nyuzi 7 mpaka 12 mchana, usiku usiwe wa kuganda sana. Mawingu ni mazuri kuliko jua kali. Alafu angalia kipimo cha mto mtandaoni, kuna kimoja karibu na Darby. Mstari wa grafu ukiwa umelala au unapanda taratibu sana, nenda. Ukiwa umesimama kama ukuta, ujue theluji ya bondeni inayeyuka kwa fujo na maji yatakuwa rangi ya chai ya maziwa, baki nyumbani.

2. Kula, alafu ndio uondoke. Fika mtoni saa tano, saa sita mchana. Muda wa kazi ni saa sita mpaka saa kumi, na wakishasogeza saa mbele, Jumapili ya pili ya Machi, ongeza saa moja. Mama watoto wangu anasema huu ndio uvuvi wa kwanza anaoukubali maana hakuna alamu.

3. Ingia pa halali. Florence, Stevensville, Bell Crossing, Tucker Crossing, Woodside, zote zina maegesho ya umma na vibao. Sheria ya Montana ya 1985 inakuruhusu ukishaingia mtoni pa halali, kwa mfano kwenye daraja au maegesho ya umma, utembee ndani ya mipaka ya maji ya kawaida ya juu hata kama pembeni ni shamba la mtu. Ila kukatiza shambani kwake kwenda mtoni, hapana, omba ruhusa. Na soma kitabu cha sheria za mwaka huo, vipande vya mto vinatofautiana.

4. Pima maji. Tumbukiza kipimajoto dakika moja. Chini ya 4, kaa kwenye maji ya kina na ya taratibu, na usitegemee kitu juu. Kuanzia 5 kwenda juu, songa kuelekea kingo. Ikifika 6 au 7 mchana wa Machi, changamka, skwala wanaweza kutoka.

5. Funga mtambo wako ukiwa maegeshoni, vidole vikiwa bado na joto. Lida kwenye kamba, kiboya juu, mwisho wa lida funga Pat's Rubber Legs. Kwenye mkunjo wa ndoano hiyo funga tipeti ya 5X kama urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidoleni, mwisho wake Pheasant Tail au Zebra Midge. Kidonge cha uzito kikae juu ya flai ya kwanza, shubiri moja. Umbali toka kiboya mpaka flai ya kwanza uwe kama mara moja na nusu ya kina cha maji. Kila fundo lilowanishe mate kabla hujalikaza, ukikaza kavu linaungua na samaki mkubwa ndio atakayekuonyesha.

6. Soma maji kabla hujalowesha mguu. Simama tu, dakika tano. Yale maji meupe yanayorukaruka juu ya kokoto, mazuri Julai, sasa hivi yaruke. Tafuta maji yanayotembea kwa mwendo wa mtu anayetoka sokoni na mzigo, kina cha kiuno mpaka kifua, hasa pale maji ya kasi yanapopakana na ya pole, utaona mstari wa mapovu. Nje ya kona, nyuma ya gogo lililoanguka, chini ya maporomoko madogo pale maji yanapotulia, hapo hapo. Baridi inawakusanya, ukipata mmoja usihame, wenzake wapo.

 Na hapa nataka uelewe skwala, maana ndio sababu ya watu kupanda ndege kuja Bitterroot mwezi wa tatu. Ni mdudu wa kahawia iliyochanganyika na kijani ya zeituni, mrefu kama kipande cha juu cha kidole gumba. Maisha yake yote yuko chini ya mawe. Ikifika Machi anatembea kwa miguu, haogelei, anatambaa juu ya mawe kuja ukingoni, anapanda jiwe au gogo, anapasua mgongo wa ganda lake anatoka mkubwa. Dume mabawa yake mafupi hawezi kuruka, anakimbia kimbia tu kwenye mawe kama mende. Jike ndiye anarudi juu ya maji mchana kutaga. Kwa hiyo chakula kikubwa cha kwanza cha mwaka kinatembea KUELEKEA kwako, na trauti anakifuata. Wageni wanaingia maji ya kiuno wanarusha katikati ya mto, wamewakanyaga wote njiani.

7. Rusha kwanza ukiwa nchi kavu. Hatua tano kutoka ukingo, mrusho wako wa kwanza uanguke kwenye maji ya magotini. Ndio wa pili usogee mbali kidogo, wa tatu mbali zaidi. Ukimaliza ndio usogee mbele hatua mbili, uanze tena.

8. Urushaji wenyewe. Watu wanaogopa hapa kwa sababu wameona video za kamba inapiga miduara hewani. Achana nazo, ukiwa na flai mbili na kiboya utatengeneza kiota cha ndege. Acha mkondo ubebe kamba yote mpaka inyooke chini yako, maji yataishikilia, alafu inua rodi na uirushe mbele upande wa juu wa mto kwa mwendo mmoja. Basi. Mita nane zinatosha, na samaki wengi nimewapata kwa pungufu ya hapo.

9. Flai ielee kama haina mwenyewe. Hili ndilo lenyewe. Mdudu wa kweli akibebwa na maji hakimbii kuliko povu lililo pembeni yake. Kamba yako ikianguka kwenye maji ya kasi itavuta kiboya, kiboya kitavuta flai, samaki ataona mdudu anakimbia kama pikipiki, baridi hii hamfukuzi mtu. Kwa hiyo mara tu kamba ikitua, inua ncha ya rodi na uitupie ile kamba ya katikati upande wa juu wa mto, bila kusogeza kiboya. Angalia kiboya na povu la jirani, vikienda sambamba uko sawa. Kiboya kikiacha mkia nyuma yake kama boti, umeharibu, rudia.

10. Kiboya kikisita, inua. Usisubiri kizame. Baridi trauti anameza na kutema taratibu, kiboya kinasimama tu nusu sekunde, au kinainama. Inua rodi kwa ulaini kuelekea upande wa chini wa mto. Mara tisa itakuwa jiwe. Ya kumi jiwe litatikisa kichwa.

11. Badilisha kina kabla ya flai. Dakika kumi na tano hakuna kitu? Teremsha flai kwa kusogeza kiboya juu shubiri moja. Bado? Ongeza kidonge. Ukiwa hugusi chini hata mara moja katika mirusho kumi, hujafika kwa samaki bado. Ukishajaribu hayo ndio ufungue boksi.

12. Saa nane mchana, angalia mawe. Geuza magogo ya ukingoni. Ukikuta maganda makavu yenye mpasuko mgongoni, au skwala wenyewe wanakimbia, kata mtambo wote, funga skwala wa juu peke yake kwenye 4X, na uirushe karibu sana na ukingo, sentimita 30 mpaka nusu mita kutoka kwenye majani. Usitarajie maji kuchemka. Utaona pua moja, polepole, kama mtu anayebusu maji. Ukiiona hesabu moja kichwani ndio uinue. Mimi miaka miwili nilikuwa nawanyang'anya flai midomoni kwa haraka yangu.

13. Samaki akishashika. Rodi juu, akikimbia muachie, akisimama vuta. Mlete kwenye kimia haraka, usimchezee mpaka achoke. Vua glavu, lowanisha mikono, toa ndoano akiwa NDANI ya maji. Hewa ikiwa chini ya sifuri matamvua yake yanaganda sekunde chache tu, kwa hiyo hiyo picha ya kumkumbatia kifuani iache mpaka Mei.

Hapo najua swali linakuja, kaka sasa nimhangaikie masaa manne alafu nimwachie? Mzee wangu nilipompigia simu Kigoma kumwelezea alinyamaza kidogo akauliza kama niko salama. Kuchukua au kuachia kunategemea aina, msimu na kipande cha mto, soma kitabu cha sheria. Ila mmoja hana mjadala: bull trout. Tangu 1998 yuko kwenye orodha ya serikali kuu ya viumbe walio hatarini. Utamjua kwa pezi la mgongoni halina madoa meusi hata moja, na mwilini madoa yake ni mepesi juu ya rangi nyeusi nyeusi, sio kinyume. Ukimnasa kwa bahati mbaya, mwachie hapo hapo bila hata kumpima. Kama unataka kitoweo, kuna mountain whitefish, mdomo mdogo, magamba makubwa ya fedha. Wenyeji wengi wanamdharau. Mimi namkausha kwa moshi, alafu naunga mchuzi na nyanya, ugali pembeni, na sijawahi kusikia mgeni akiuliza kama ni trauti.

Vya kuogopa

Barafu ya ukingoni. Inaonekana kama sakafu, chini maji yameshaila. Usiisimamie hata kama kuna nyayo za mtu. Mchana wa joto vipande vinakatika huko juu vinakuja na mkondo, ukiwa kwenye maji ya kiuno kitakubeba.

Mkanda wa weda. Nilianguka Februari moja karibu na Bell Crossing, maji ya mapajani tu, jiwe limezunguka chini ya mguu. Mkanda ulikuwa umekazwa, maji yakaingia lita chache kifuani, nikatambaa nje. Kutoka pale mpaka kwenye gari ni kama dakika sita na nilipofika sikuweza kushika ufunguo, nikaubonyeza kwa viganja viwili kama mtoto. Kwa hiyo usiende peke yako mwaka wa kwanza, na maji yasizidi mapaja.

Kokoto zilizofagiliwa. Kuanzia Machi trauti wa upinde wa mvua, yule rainbow, anataga. Ukiona duara la kokoto safi, jeupe kuliko sehemu nyingine, mtu kama kafagia, hayo ni mayai chini yake. Zunguka. Na samaki waliosimama juu yake usiwarushie.

Yakikwama

*Pete za rodi zinajaa barafu.* Tumbukiza rodi kwenye maji, maji yana joto kuliko hewa, itayeyuka yenyewe. Usiipasue kwa kucha, utang'oa pete. Na ikiganda kila dakika tatu maana yake umekuja mapema, rudi garini unywe chai.

*Flai zinasokotana kila mrusho.* Unarusha mara mbili tatu hewani kabla hujaachia. Mara moja tu. Ikiendelea, toa flai ya pili, uvue na moja mpaka mkono uzoee.

*Samaki wanakatika.* Fundo lilikazwa kavu, au tipeti ina mkwaruzo wa mawe. Pitisha kati ya kucha kila nusu saa, ukihisi chenga, kata.

*Wanaruka juu ila hawataki skwala.* Kuna visubi vidogo mno, angalia juu ya maji utaona vimekusanyana kama vumbi. Hao wanataka namba 20. Kama macho yako ni kama yangu, funga skwala kubwa uione, nyuma yake ning'iniza Zebra Midge.

*Napata whitefish tu.* Uko kwenye kina sahihi, sogea mita tano kuelekea maji ya mbele ya lile shimo, pale yanapoingia. Trauti anapenda mlangoni. Na hao whitefish usiwatupe, kama umeshawachoka nipigie mimi, nakuja na ndoo.